Tupeni Siku, Sio Visingizio

Waandishi wa rika letu wamezoea kusema, "Mimi huandika roho ikinituma." Sawa. Na msomaji je, akae mlangoni akingoja roho yako?

Mimi nakaa Mamboleo. Matatu za kwenda tao hupita Kondele, kisha Kibuye. Soko la Kibuye liko kila siku, lakini siku yake kubwa ni Jumapili, na Kisumu nzima inajua. Hakuna anayetuma tangazo Jumamosi usiku. Muuza mitumba akikosa Jumapili tatu, wateja hawampigii simu kumuuliza kama roho imemtuma. Wanahamia kwa jirani.

Kusoma ni hivyo hivyo. Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha redio Je, Huu ni Ungwana? mwaka wa 1966, na kwa miongo watu walijua kitakuja. Wahome Mutahi, aliyefariki 2003, aliwazoesha Wakenya kutafuta Whispers gazetini Jumapili. Huko Dar es Salaam, jarida la Mambo Leo lilianza 1923, likitoka kila mwezi. Lilikuwa la serikali ya kikoloni, na kwa hilo silisifu. Lakini washairi walijua nafasi yao ipo: huyu anatunga, yule anamjibu katika toleo jingine. Utajibizana vipi na jarida linalotoka "hivi karibuni"?

Najua mtaniambia ratiba inaua sanaa. Mtanitajia Kwani?, iliyozaliwa Nairobi 2003: kati ya toleo moja na jingine mwaka mzima ungeweza kupita, na bado tunaitaja. Kweli. Lakini mnasahau kwamba Binyavanga Wainaina alikuwa ameshinda Tuzo ya Caine 2002, kwa hivyo macho yalikuwa kwake tayari. Halafu kulikuwa na Open Mic yao, kila mwezi. Kitabu kikichelewa, watu walikuwa na siku ya kukutana.

Kambi ya pili nayo inaniudhi zaidi: wale wa "chapisha kila siku, algoridhimu itakupenda." Kila siku una nini cha kusema, bana? Msomaji akikuta maji matupu mara nne, ya tano hafungui. Mimi nasema siku ijulikane, hata kama ni moja kwa mwezi. Sijasema wingi.

Tena ratiba peke yake haileti watu. Charles Dickens alipoanza kutoa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi mwaka wa 1836, mwanzo ulikuwa baridi. Sehemu ya kwanza ilichapwa nakala kama 1,000. Sehemu ya nne akaingia Sam Weller, mtumishi mcheshi, na watu wakachizi. Kufikia mwisho, 1837, mauzo yalikaribia nakala 40,000. Aliyevuta umati ni Sam. Lakini angefikaje kama Dickens angepotea baada ya sehemu ya pili? Kazi nzuri huleta msomaji. Siku inayojulikana humfanya abaki mpaka nyingine nzuri ifike.

Ndiyo maana nina hasira na majarida yetu ya vijana: logo safi, uzinduzi wenye picha mia, toleo la kwanza, la pili, halafu kimya. Hasara haiishii kwenu. Kila jarida linalokufa kimyakimya linamfundisha msomaji asituamini sisi wote. Anayekuja nyuma yenu na hadithi kali anakuta mlango umeshafungwa, na si yeye aliyeufunga.

Kwa hivyo, kabla ya uzinduzi, kuwa na kazi tatu zilizokamilika kwenye droo. Chagua siku unayoiweza, hata kama ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi tu, uitangaze na uishike. Ukichoka, ruksa, funga. Lakini toa toleo la mwisho na uandike juu yake kwamba ni la mwisho. Msomaji aliyekupa saa yake na bundles zake anastahili kwaheri.