Usiliokote Hilo Jiwe

Kuna mtindo umeingia mjini na mimi umenichosha. Mtu anaenda Naivasha wikendi, anarudi na vipande vya obsidiani mfukoni, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Anaviosha, anavipanga juu ya kitambaa cheupe, anapiga picha, anaandika: "Zana za mababu." Laiki zinamiminika. Jamani, huo si utafiti. Huko ni kufuta ushahidi kwa sabuni.

Obsidiani hutokea lava inapopoa haraka hadi ikawa kioo. Kila mlima una mchanganyiko wake wa elementi, kama alama za vidole. Weka kipande kwenye mashine ya eksirei, kitajulikana kama kimetoka Eburru au kwingine. Lakini hakuna mashine duniani itakayosema kiliokotwa wapi. Hilo ilikuwa siri ya ardhi, na wewe umeshaling'oa.

Na hapo ndipo utamu wote ulipo. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, watafiti walikuta zana za obsidiani za takriban miaka 300,000, mahali ambapo jiwe hilo halipatikani. Wakapima, wakafuata alama, wakaona baadhi yalisafirishwa hadi kilomita 90 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Yaani watu tunaowachora wakihangaika na njaa tu, pengine walikuwa na majirani wa mbali na wakibadilishana vitu nao. Hoja yote imesimama juu ya umbali kati ya sehemu mbili. Ondoa moja, umebaki na kioo.

Ati hayo ni ya Bonde la Ufa? Mimi ni wa Marereni, nchi ya chumvi na mchanga. Volkeno hatuna. Siku kipande cha obsidiani kitakapotokea huku ndani ya udongo wa kale, kitakuwa kimetembea zaidi ya kilomita 400, na vitabu vitaandikwa upya. Kipande hichohicho kikidondoka kwenye begi la mtu aliyekuja kuogelea Malindi, kitatudanganya sote.

Kilifi tumeshaona faida ya subira. Pango la Panga ya Saidi lilichimbwa tabaka kwa tabaka. Mawe yake mengi ni kwatzi na gumegume, madogo, hayana mvuto wa picha. Ila kwa sababu kila kitu kiliandikwa kilikotoka, tunajua watu walipatumia pale kwa miaka 78,000, na kwamba mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa humo akiwa amekunjwa miguu. Wakamwita Mtoto. Mwaka 2021 dunia nzima ikasoma habari zake.

Na wizi tunaujua pia. Vigango vya wazee wetu viling'olewa vilikosimikwa, vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho na sebule za Marekani. Viwili vilirudi mwaka 2007. Kigango angalau kina ukoo wa kukidai. Jiwe la miaka 300,000 halina mjukuu wa kwenda kulililia.

Mtaniambia: nisipolichukua mimi, mvua italibeba. Sawa, simu si unayo? Lipige picha likiwa palepale, hifadhi eneo kwenye ramani, peleka habari Makumbusho ya Taifa. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Na ukiwa na hamu ya kuziona zana zenyewe, nenda Kariandusi, karibu na Gilgil. Zipo pale alipochimba Louis Leakey, na mwongozaji atakueleza.

Nanyi wenye vibali vya kuchimba, msicheke. Mnakuja na vijiti na kamba, mnaondoka na masanduku, majibu mnayaandika kwa Kiingereza kwenye majarida ya ng'ambo. Leteni kurasa mbili za Kiswahili kwenye shule ya kijiji kilichowapa maji ya kunywa. Mtu halindi asichoelezwa.

Lakini wewe wa kitambaa cheupe usijifiche nyuma yao. Wao angalau wameandika jiwe lilitoka wapi. Wewe ukiulizwa kesho, utasema nini? "Huko Naivasha, kando ya njia"?