Pikipiki Ikigoma Asubuhi ya Baridi

Ninyi mnaokaa Njombe na Makete mnajua jinsi miezi ya Juni na Julai ilivyo. Asubuhi unaamka, majani yamekuwa meupe kwa sakitu, na pikipiki iliyokwenda vizuri jana haitaki kuwaka. Leo tuzungumze juu ya jambo hili, maana siku moja lilinitia aibu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, saa kumi alfajiri. Jirani yangu aligonga mlango akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alihema kwa shida, na zahanati iko ng'ambo ya vilima viwili. Nikatoa pikipiki upesi, nikavuta choki, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena, huku nikizungusha mkono wa mafuta, mpaka nikatoka jasho katika baridi ile. Mama yule alisimama tu akinitazama. Harufu ya petroli ikajaa uani.

Ndipo akatoka mzee mmoja, fundi wa zamani, akaniambia, "Mwanangu, acha kwanza. Umeinywesha mno."

"Nifanyeje, baba?"

"Fungua plagi."

Plagi ilikuwa imelowa chapachapa. Tukaifuta kwa kitambaa kikavu. Tukarudisha choki, tukazima swichi, tukafungua mkono wa mafuta wote, tukapiga kiki mara chache ili petroli iliyozidi itoke. Kisha tukarudisha plagi, tukawasha swichi. Kiki ya pili, ikawaka. Mtoto alifika, akatibiwa, na leo anacheza na wenziwe. Lakini nusu saa nzima niliipoteza kwa ujinga wangu.

Je, baridi inafanya nini? Kwanza, injini haichomi petroli ya maji, huchoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Na katika baridi petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Ndiyo kazi ya choki: hupunguza hewa ili petroli izidi kidogo. Pili, oili huwa nzito, injini ikazunguka kwa shida. Tatu, betri hulegea. Betri ya asidi iliyojaa, ikifika nyuzi 0 za sentigredi, hubakiwa na sehemu kama 4 tu katika 5 za nguvu zake.

Basi ikigoma, fuata utaratibu huu:

1. Tazama mambo madogo kwanza. Je, petroli imo? Koki ya tangi imefunguliwa? Swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani imewekwa sawa? Wengi wamesukuma pikipiki hadi kwa fundi kwa sababu ya swichi hiyo tu.

2. Vuta choki, usiguse mkono wa mafuta, piga kiki mara tatu au nne. Ikiwaka, iache ipate moto kidogo, kisha rudisha choki. Ukiisahau, plagi itajaa masizi. Pikipiki mpya zisizo na kabureta hazina choki. Hizo washa tu swichi, ngoja kidogo, ndipo uwashe.

3. Isipowaka, fungua plagi. Ikiwa imelowa, fanya kama tulivyofanya sisi. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Huenda kuna uchafu au maji ndani ya kabureta. Fungua skrubu ya chini ya bakuli lake, umwage.

4. Ukitumia stata, usiibonyeze zaidi ya sekunde tano kwa mara moja. Ipumzishe nusu dakika. Ukishupaa, utaua betri, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mambo mawili ni mwiko. Usiwashe moto chini ya injini ili kuipasha, wala usimulike kwa kibiriti: petroli haina mzaha. Tena usiiache injini ikinguruma ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Jioni funika pikipiki kwa gunia au turubai, na weka plagi moja ya akiba pamoja na spana yake. Haraka haraka haina baraka: usiku wa mgonjwa, dakika mbili za kutazama plagi ni bora kuliko kiki mia moja za hasira.