"Imefutika" ya Mdomoni

Haya wadau, leo sina umbea wa hosteli. Leo nagombana na nyie wa kompyuta, hasa mnaoandika Perl halafu mkibanwa mnajitetea, "Aah, mtandao wa Kasulu mbovu."

Mbovu, sawa. Tuliokwenda fildi kule tunaujua. Kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2022, umeme wa Kasulu ulitegemea majenereta ya dizeli, na hata sasa ukikatika ghafla seva inazimika katikati ya kazi. Sasa kama unajua hayo, mbona skripti yako inauamini mtandao kuliko mama yako mzazi?

Wengi mnaita remove_tree ya File::Path, mnaipa ile "error" ili isipige kelele kwenye skrini, halafu orodha ya makosa hamuifungui kabisa! Mstari unaofuata: print "Imefutika". Nani kakwambia? Huko ni kumziba mtoto mdomo halafu unasema hakulia.

Tena makosa hayafanani. Kwenye NFS seva inaweza kufuta faili, jibu likapotelea njiani; ombi likirudiwa unaambiwa halipo. Hapo kazi imeshafanyika, usipaniki. Ukiambiwa folda si tupu, huenda kuna programu bado imeshikilia faili, NFS ikalibadili jina likaanza na .nfs. Funga programu hiyo kwanza, ndiyo ujaribu tena. Ukiambiwa huna ruhusa, rudia mara mia, bure tu.

Na wajanja wa -e, msijidanganye. Inaweza kusema "hakuna" hata pale seva iliposhindwa kujibu. Soma $! hapohapo: kama si ENOENT, basi hujui.

Najua mtasema, "Si takataka tu hizo?" Kasulu ndiko iliko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ikahifadhi waliokimbia vita Kongo na baadaye waliotoka Burundi. Chukulia orodha ya majina ya watu kama hao imebaki kwenye diski, na ofisi nzima inaamini ilishafutwa kwa sababu skripti yako ilisema hivyo. Akiipata mtu mbaya, utamwambia nani kwamba mtandao ulikuwa mbovu?

Skripti iwe na majibu matatu: imefutika, haijafutika, sijui. Hilo la tatu ndilo mnaloliogopa, na ndilo la kweli kuliko yote mtandao ukiyumba.

Mwenye kubisha, nipo maabara mpaka saa nne usiku. Aje na kodi yake.