HAKI BILA DAFTARI



Mwezi uliopita fundi mmoja wa karakana alifika katika ofisi ya chama. Amewafundisha kazi vijana watatu, na wote watatu wamempita kwa cheo. Msimamizi alimwambia wazi kwamba watu wa kabila lake hawafai kusimamia wengine. Tukamwuliza: Ilikuwa siku gani? Nani alisikia? Uliandika barua? Hakuwa na jibu, na miaka minne imekwisha kupita. Tena alisema, nasi twaona haya kulichapa, kwamba alimwambia mjumbe wetu wa tawi mara mbili, akaambiwa angoje.

Zamani wazee wetu wa reli walilipwa kwa rangi: Mzungu mbali, Mhindi mbali, Mwafrika mbali. Ubaguzi ule uliandikwa katika vitabu vya mishahara, kila mtu akauona. Wa siku hizi hauandikwi. Basi imetupasa kuuandika sisi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yakataza kumbagua mfanyi kazi kwa kabila, rangi, dini, lugha, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu au virusi vya Ukimwi. Ukisha kuonyesha mambo yalivyokuwa, ni juu ya tajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kwa hiyo, siku ile ile andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya waliosikia. Taja mwenzako wa kazi sawa aliyetendewa vingine. Wapelekee wakubwa barua, ubaki na nakala. Kisha mwone katibu wa tawi. Neno lisipokwisha, iko Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Huko waweza kujisemea mwenyewe, au kusemewa na wakili au ofisa wa chama. Muda ni miaka 3 tangu tendo. Dhara likiwa la kuendelea, miezi 12 tangu likome. Aliyefukuzwa bila haki na ataka kumshtakia Ofisa wa Kazi, asipitishe miezi 3.

Wengi husema, "Nikishtaki nitafukuzwa." Kifungu cha 46 chasema kumshtaki tajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa shtaka liwe halina msingi. Hata hivyo wako wakubwa wenye kisasi. Kwa hiyo usiende peke yako.

Nanyi wajumbe, mwanachama akileta neno hili, msimwambie angoje. Toeni kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Mhariri