Gazi: Tumbo ndilo lililookoa mikoko

Wengi hudhani kuwa anayeanzisha biashara ya kuhifadhi mazingira husukumwa na mapenzi yake kwa miti. Mradi wa Mikoko Pamoja, Kaunti ya Kwale, unaonyesha vingine.

Katika miaka ya 1970, mikoko ya Ghuba ya Gazi ilifyekwa kwa wingi iwe kuni za viwandani. Tangu 2013, wakazi wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda hekta 117 na kuuza ng'ambo vyeti vya gesi ya kaboni inayonaswa na msitu huo, takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Kilichowavuta ni shida za kila siku: maji, vitabu, madarasa. Huko ndiko fedha zilikokwenda. Mivinje nayo ilipandwa, kwani asiye na kuni hawezi kukatazwa mkoko akatii (jambo ambalo wahubiri wa mazingira hulisahau).

Hata hivyo, bei huamuliwa na mnunuzi aliye mbali, naye aweza kughairi. Mradi ulipangiwa miaka 20. Serikali ya kaunti yapaswa kueleza mapema wanavijiji watategemea nini mnunuzi huyo akiondoka, badala ya kungoja 2033.