Nani Kasema Sindano Kali Ndiyo Tiba?

Mgonjwa akilazwa bila kuchomwa antibayotiki, ndugu huona ametelekezwa. Hapa Tanzania hospitali nzuri ni ile inayoanza na dawa kali, na ukali huo umepewa jina moja: seftriaksoni. Imani hiyo ni potofu, na kibaya zaidi baadhi ya wanaoandika dawa nao wanaiishi. Kila antibayotiki ina vijidudu inavyovimudu na isivyovimudu. Seftriaksoni hiyo hiyo haigusi virusi, haiwawezi enterokokasi, wala sudomonasi wanaovamia vidonda vya moto. Na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba mtoto mwenye nimonia, hata kifua kikiwa kinabonyea anapopumua, maadamu hana dalili za hatari, anywe amoksilini nyumbani. Majaribio yalionyesha anapona sawa na aliyechomwa sindano.

Mazoea haya yanaonekana wazi zaidi kwenye upasuaji. Mama anayejifungua kwa upasuaji hukingwa kwa dozi moja kabla ya kisu, na mwongozo wa WHO wa 2016 unakataza kuendeleza dawa ya kinga baada ya upasuaji kwisha. Bado si ajabu kukuta chati yake ina seftriaksoni na metronidazo za siku tano, na sababu haikuandikwa popote.

Madaktari watajibu, na wana hoja, kwamba wodi zimefurika, maabara nyingi haziwezi kuotesha vijidudu, na mwenye sepsisi (maambukizi yanayotishia uhai) hangoji majibu. Kweli hangoji, aanzishiwe dawa saa hiyo hiyo, damu ya kipimo ikiwa imetolewa kwanza panapowezekana. Lakini baada ya saa 48 hadi 72 lazima mtu arudi kitandani aamue: iachwe, ibadilishwe, au ahamie vidonge? Uamuzi huo hauhitaji mashine. Kuhusu msongamano, hakuna sindano inayofidia mikono isiyonawiwa; mwisho wake ni bakteria wa klebsiela, sugu kwa dawa, kuhama kitanda hadi kitanda katika wodi ya watoto wachanga. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, acha kudai sindano. Muulize daktari inatibu nini, na ataiangalia upya siku gani.