Nafasi za utafiti wa Kigiriki zisiwe za wengine tu

KILA mwaka vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, Canada na Ulaya hutangaza nafasi za utafiti wa masomo ya Kigiriki kwa wasomi ambao ndio kwanza wamemaliza shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu cheo cha daktari asiyetibu. Kituo cha masomo hayo katika Chuo Kikuu cha Princeton, kilichotokana na mfuko ulioanzishwa na Stanley Seeger mwaka 1979, ni kimojawapo. Chuo Kikuu cha Harvard nacho kina kituo chake cha Kigiriki mjini Washington tangu miaka ya 1960.

Tunajua msomaji wetu wa Kobero au Mugina, anayesubiri mzigo wake ukaguliwe forodhani, atauliza: Mgiriki ananihusu nini mimi? Swali hilo ni la haki, na ndilo tunalotaka kulijibu leo.

Kwanza tueleze nafasi yenyewe ni kitu gani. Msomi hulipwa posho au mshahara kwa mwaka mmoja au miwili, pengine zaidi. Hupewa ofisi na kufunguliwa maktaba. Kwa kawaida hutakiwa awe amepata shahada yake miaka michache tu iliyopita, aeleze kwa kurasa chache jambo analotaka kulichunguza, na alete barua za walimu wanaoijua kazi yake. Mzigo wa kufundisha huwa mdogo, na pengine haupo kabisa. Kwa maneno mengine, anachopewa ni muda: muda wa kuigeuza tasnifu yake kuwa kitabu, na wa kusoma maandiko ambayo mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu na mshahara uliochelewa hawezi kuyagusa.

Sasa tuje kwenye biashara. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kigiriki kitabu kifupi cha kuwaongoza wenzake katika safari za baharini. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake imo pwani ya Afrika Mashariki, aliyoiita Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta. Anataja bidhaa za kupeleka huko: mikuki iliyotengenezwa Muza, katika Yemen ya leo, mashoka madogo, visu na vitu vya kioo. Anataja na za kutoka nazo: pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa.

Anaongeza mambo mawili ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani atayatambua. La kwanza, watu wa Muza waliwatuma Rhapta manahodha na mawakala Waarabu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. La pili, katika sehemu fulani za pwani hiyo divai na ngano zilipelekwa kwa wingi, si kwa ajili ya kuuza, bali kwa ajili ya kupata urafiki wa wenyeji. Aliyewahi kuvusha mzigo hahitaji kufafanuliwa hilo.

Kitabu hicho kimetufikia kupitia nakala ya mkono ya karne ya 10, iliyoko Heidelberg, Ujerumani. Nakala hiyo ina makosa, na hapo ndipo kazi ya msomi wa Kigiriki inapoanza. Katika orodha ya bidhaa zilizotoka Rhapta kuna neno moja lenye utata. Wilfred Schoff, katika tafsiri yake ya mwaka 1912, alilichukulia kuwa linahusu mnazi, akaandika mafuta. Lionel Casson, mwaka 1989, alilifasiri kuwa ni kombe la baharini. Ni neno moja tu, lakini uzito wake ni mkubwa. Ikiwa ni nazi, basi watu wa pwani walikuwa wakivuna mnazi kwa biashara miaka karibu 2,000 iliyopita. Ikiwa ni kombe, ushahidi huo haupo. Waliotoa hukumu hizo mbili wote wawili walikuwa Wamarekani. Hatuwalaumu, walifanya kazi yao. Tunachouliza ni kwa nini katika baraza linaloamua kama babu zetu waliuza nazi au hawakuuza, sisi wenyewe tuwe wasikilizaji tu.

Upande wa udongo, wenzetu hawakulala. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika eneo la Rufiji na kupata shanga za kioo alizozihusisha na biashara ya dunia ya Warumi. Hata hivyo jembe la mchimbaji na kalamu ya msomaji wa Kigiriki zinahitajiana. Kazi ya mmoja bila ya mwenzake hubaki nusu.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Mtabila, Nduta na Nyarugusu, tuna jambo jingine. Masomo ya Kigiriki hayaishii kwa watu wa kale. Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia vita, na Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki. Kipimo kilikuwa dini, si lugha, na wahusika hawakuulizwa. Wapo waliofika Ugiriki wakijua Kituruki tu. Waliambiwa wamerudi nyumbani, na nyumbani huko wakaitwa mbegu ya Waturuki.

Aliyerudi akachekwa kwa lafudhi yake, au akakuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine, anajua tunachosema.

Lakini Wagiriki walifanya jambo ambalo sisi hatujalifanya ipasavyo. Mwaka 1930 Melpo Merlier alianzisha mjini Athens kazi iliyokuja kuwa Kituo cha Masomo ya Asia Ndogo. Kwa miaka zaidi ya arobaini watafiti waliwafuata wakimbizi hao katika vitongoji vyao, wakawauliza kuhusu kijiji walichokiacha, kisima chake, jirani yao Mturuki, njia waliyopita na waliokufa njiani. Wapatao 5,000 walisimulia, na masimulizi yao yakaandikwa katika kurasa zaidi ya 100,000. Leo msomi kijana anayepata nafasi ya utafiti wa Kigiriki anaweza kukaa na kurasa hizo mwaka mzima. Je, mjukuu wa aliyekimbia mwaka 1972 atakaa na kurasa zipi?

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Kwanza, wizara na vyuo vikuu vyetu viwatayarishe vijana mapema. Kigiriki hakijifunzwi kwa haraka mtu akishafika umri wa miaka thelathini. Hatuanzi na mikono mitupu, kwani baadhi ya seminari na vyuo vyetu vya theolojia hufundisha Kigiriki cha Agano Jipya. Walimu hao washirikiane na idara za historia. Ibadan nchini Nigeria na Legon nchini Ghana wamefundisha masomo hayo kwa miongo mingi, na hakuna aliyeona wamepoteza Uafrika wao.

Pili, wenye shahada ya uzamivu walio tayari waombe nafasi hizo bila kuona haya. Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi na historia ya wakimbizi zinagusa masomo hayo moja kwa moja. Anayeomba asijieleze kama mgeni anayebisha hodi kwa hisani. Anakuja na kitu ambacho wenyeji wa maktaba hizo hawana: anaijua pwani, au anayajua maisha ya kambini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ianzishe nafasi za namna hiyo hapa kwetu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala na linaweza kuzisimamia. Zikiwa tano tu kwa mwaka, za miaka miwili kila moja, wasomi watano wataweza kukaa na wazee waliorejea na kina mama wa sokoni mpakani, na kuandika wanayoyasema kwa lugha wanayoyasemea.

Serikali zitajibu kwamba fedha hakuna. Tunaelewa. Lakini wale waliokimbia mwaka 1972 wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa wamepita sabini. Kila mwaka tunaochelewa tunazika masimulizi pamoja na wenyewe. Mfanyabiashara yule wa Misri hatukujua jina lake, lakini aliandika, na kwa sababu aliandika tunajua nini kilipakiwa na nini kilipakuliwa Rhapta. Wazee wetu wana majina, na bado wapo wa kuulizwa.